Bwawa la kuogelea lenye plasta mpya: ujaze kwa kisima au kwa boza?

Kwa gharama, kisima kinashinda: ukishakuwa nacho, unalipia umeme wa pampu tu. Kinashinda pia kwa kutokatika. Plasta mpya inataka bwawa lijazwe mfululizo, mpira ukiwa sehemu yenye kina na mdomo wake umefungwa kitambaa ili maji yasiichimbe. Ukikatiza kujaza, maji yanaacha mstari ukutani ambao hautoki kirahisi. Boza likikwama kwenye foleni, mstari huo umeupata.

Kwa ubora wa maji, mambo hugeuka. Visima vingi vya pwani vina chumvi, vingine chuma. Klorini ikiingia, chuma hugeuka kahawia na kung'ang'ania plasta ambayo bado ni changa. Maji ya boza huwa na nafuu yakiwa ya bomba, ila ulizia yalikochotwa. Mengine hutoka visimani vilevile.

Matunzo ni yaleyale kwa maji yoyote: plasta hutoa chokaa, pH (kipimo cha uasidi wa maji) hupanda, kwa hiyo pima kila siku, tia asidi kidogo kidogo, sugua kwa brashi ya nailoni asubuhi na jioni.

Mwenye kisima, pima maji kwanza. Yasipokuwa na chuma wala chumvi nyingi, jaza. Yakiwa navyo, agiza maboza, mradi yapokezane bila pengo.