Kwa Jaja, Malaba upande wa Uganda: chakula kizuri na kikombe cha mgeni bado kipo

Nimekula kwenye hii hoteli tangu 2009 nikiwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, mpaka leo naendesha lori mwenyewe, na kila mara madereva wapya wananiuliza hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mtu anakula wapi bila kuumwa tumbo wala kuzungushwa chenji, basi wacha niandike mara moja.

Bango haina. Ukimaliza mambo ya forodha ukatoka geti upande wa Uganda, pita hizo hoteli za barabarani zenye muziki, ingia kwa njia ya vumbi nyuma ya paking ya malori, uliza "kwa Jaja" tu, hata mtu wa boda anajua unaenda wapi. Jaja mwenyewe, yaani bibi, alishatangulia mbele ya haki, saa hii anayepika ni binti yake, sisi tunamwita Mama, na mjukuu mkubwa ndo anashika pesa.

Chakula sasa. Asubuhi kuna katogo ya matoke na matumbo, shilingi 5,000 za Uganda, inakuja ya moto kabisa kutoka kwa sigiri, jiko la makaa, na chai ya maziwa ya tangawizi 1,000. Chapati ni nzuri lakini saa tatu zimeisha, usilaumu mtu. Mchana agiza ule ugali wa wimbi na muhogo, Wateso wenyewe wanaita atap, na majani ya kunde yaliyopikwa na karanga ya kusagwa, hiyo mboga inapikwa taratibu mpaka mafuta ya karanga yanapanda juu na huwezi kuipata hivyo ukianza safari ya zile kilomita 220 za kwenda Kampala, huko utapata posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage ya haraka haraka. Samaki mkavu yuko siku zingine. Nyama sikushauri sana, vipande ni vidogo kuliko kwa jirani, na sababu yake nitaieleza chini.

Sasa ile kitu ambayo inanifanya niandike. Mwaka 2009 lori letu lilikaa pale siku nne, makaratasi yalikuwa na shida na tajiri wa wakati huo hakutuma pesa ya njia, dereva wangu akavuka kwenda kutafuta simu ya kumpigia akachelewa kurudi, nikabaki nalinda kontena na shilingi sina. Siku ya pili nikaenda pale nikakaa kwenye benchi nikaomba maji tu. Jaja akaniangalia, alafu akageuka akamwambia binti yake kule jikoni, "Huyu ni wa nyumbani." Basi. Ikaja sahani imejaa, sawa na ya dereva aliyekuwa amekaa pembeni yangu amelipa, hakuna mtu aliuliza kitu na hakuna daftari lililofunguliwa. Nikala hivyo siku tatu. Nilidhani amenifananisha na mtoto wa ndugu yake.

Niliporudi baada ya miezi miwili na pesa mkononi akakataa kuishika. Akasema, "Mwanangu, yangu ilishalipwa zamani, wewe utamlipia mwingine." Miaka ikapita ndo nikaja kusikia kwa Mama kwamba wakati wa vita ya 1979 Jaja alivuka mpaka kwa miguu huyo Mama akiwa mgongoni, na upande wa Kenya mwanamke asiyemjua kabisa akawapa uji na mahali pa kulala, akawaambia majirani kwamba hawa ni wa nyumbani. Neno lilitoka huko. Hawakuwahi kumpata tena yule mwanamke wamrudishie.

Na usifikiri ni huruma ya siku akiwa na furaha, hapana, imewekwa ndani ya kazi yenyewe. Wakipima unga wa atap wanatumia kikombe kimoja cha bati, kimebonyea upande mmoja, wanapima kulingana na watu wanaowatarajia alafu kinaongezwa kimoja juu, kinaitwa cha mgeni. Anayekiongeza ni mtoto mdogo kuliko wote aliyepo nyumbani siku hiyo, zamani alikuwa Mama, akaja huyu wa kushika pesa, saa hii ni kitukuu ana kama miaka saba, nimemuona anakishika kwa mikono miwili ulimi nje asimwage. Alafu sufuria ya mwisho haioshwi mpaka taa za malori ziwashwe jioni, kwa sababu kuna mtu foleni imemshika anaweza kuja.

Watu wa 2020 mnakumbuka. Corona imeingia, foleni ya malori haina mwisho, tunasubiri majibu ya vipimo siku na siku, na sisi madereva tukawa tunaogopwa kama moto. Kuna hoteli moja, siitaji jina, niliyokuwa mteja wake miaka, walinifukuza mlangoni kabla sijasalimia. Kwa Jaja hatukuingia ndani pia, sheria ni sheria, lakini Mama alikuwa anatuma chakula kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka kwenye foleni, anakiweka juu ya jiwe anarudi nyuma hatua kadhaa anatupungia mkono. Waliokuwa na pesa walilipa kwa simu. Wasiokuwa nayo, unajua tayari alisema nini.

Sasa ile nyama. Bei ya mafuta ya kupikia na sabuni na kila kitu ilipopanda 2022, ndani ya familia kulikuwa na mvutano, mkwe mmoja alisema wazi kikombe cha mgeni kiondoke maana kuna vijana wanazoea wanakuja kila siku na pesa wanazo. Na kweli wapo, nawajua. Mama akakaa na wanawe, wakapiga hesabu, wakaamua wapunguze nyama kwa kila sahani kuliko kuondoa kikombe. Mimi naona walifanya sawa kabisa. Kama kipande kinakukera, ongeza 2,000 upate cha pili, pesa haijapotea.

Yasiyopendeza yapo. Choo kiko mbali na usiku hakina taa, benchi ni nyembamba, siku za foleni kubwa unasubiri hata dakika 40 na Mama hakubali kuharakishwa. Paking ni yako kutafuta. Lugha si shida, Kiswahili kimeongewa jikoni humo kabla hata serikali haijasema 2022 kifundishwe shule zote, na ukimwambia Mama "eyalama noi" kwa Kiteso atacheka mpaka akuongeze mboga.

Mwezi uliopita likizo ya shule nilipita na binti yangu, ana miaka kumi, mara ya kwanza kunisindikiza njiani. Wakati tunangoja chakula akachukuliwa na yule kitukuu kwenda kunawisha wageni, mmoja ameshika jagi mwingine beseni. Akaingia kijana mmoja tanboi, viatu vimechanika, akakaa pale mwisho wa benchi akaomba maji. Mama alikuwa nje kwenye kuni. Binti yangu akanawisha yule kijana vizuri, akampa taulo, alafu akageuka kule jikoni akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ni wa nyumbani." Mimi sikuwa nimemwambia. Nikaenda kwa mjukuu nikalipa sahani tatu, ya tatu akaipokea bila kuuliza.