LM3886: chipu ninayoirudia kila nikiunda amplifaya

Ukitaka amplifaya ya kujiundia yenye nguvu za kutosha sebule nzima, anza na LM3886. Chipu nyingine, TDA2030A, inafaa spika ndogo, lakini ukiidai besi inaishiwa pumzi mapema. LM3886 ikipewa volti 28 chanya na 28 hasi hutoa wati 68 kwenye spika ya omu 4. Kwenye omu 8 ni kama 38. Sauti yake safi, na ina kinga ya ndani dhidi ya joto na shoti.

Ila haivumilii sakiti ya ovyo. Gaini, yaani mara ambazo sakiti inakuza mawimbi ya sauti, ikishuka chini ya 10, inaweza kupiga miluzi isiyosikika huku ikichemka bure. Kapasita za kutuliza umeme zibane miguuni mwa chipu kabisa, na waya za ethi zikutane mahali pamoja, la sivyo utasikiliza mvumo badala ya muziki. Pini ya 8 isipovutwa kwenye volti hasi kupitia rezista, chipu inanyamaza tu, nawe utadhani imeungua.

Toleo la T lina mgongo wa chuma wenye volti hasi, kwa hiyo linadai maika, kipande chembamba cha kuhami umeme kati yake na bati la kupozea. TF limefunikwa plastiki: rahisi kufunga, lakini halipitishi joto vizuri vile. Mimi huchukua T.