Kijiwe cha kahawa Ngamiani, ligi ikiisha nenda

Jamani kama uko Tanga na ligi imeisha nenda hiki kijiwe jioni baada ya magharibi, nyota nne nawapa. Kahawa chungu kweli kweli, dele, lile birika la kahawa, liko juu ya mkaa muda wote, kashata za karanga freshi na bei haiumi. Ila utamu wenyewe ni ule ubao wa chaki, wanapanga wachezaji wa Coastal Union, timu yetu ya Tanga, wa kwanza mpaka wa mwisho, jina likipanda lingine linafutwa kwa kiganja na ubishi unaanza upya, na hukai juu kwa jina tu, lazima mtu aseme ulifanya nini pale uwanja wa Mkwakwani. Wazee wanapima kila mtu kwa kikosi cha ubingwa wa 1988, vijana wanamtaja Sopu aliyewapiga Yanga hat-triki fainali ya Kombe la FA 2022 kule Arusha, 3-3 tukatolewa kwa penalti, inauma mpaka leo asikwambie mtu. Kasoro mabenchi machache, halafu mabeki wanawekwa chini sana, hiyo siikubali kabisa, beki anapanda na kushuka msimu mzima hamumuoni? Muuza kahawa ana lugha nzuri na vikombe anasuuza vizuri.