Siku nne Udzungwa: usiishie maporomokoni

Saa tatu usiku, kambi ya kwanza ya njia ya Mwanihana, kitu kililia juu ya miti kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Kikanyamaza. Kikaanza tena kwa nguvu zaidi, kikapanda, kikapanda, hadi kikawa kama ukelele wa mtu anayekabwa. Mdogo wangu alinishika mkono ndani ya hema. Nje, afande, askari wa hifadhi aliyetuongoza, alikuwa bado na kikombe chake cha chai. Akatuambia kwa sauti ileile ya kawaida: "Perere huyo, dada, pimbi wa mitini. Mnyama mwenyewe hamzidi sungura. Anaita mwenzake." Haikupita dakika, mwenzake akaitika kutoka ng'ambo ya bonde, kisha mwingine juu zaidi, hadi mlima mzima ukawa unalia.

Nimeanzia hapo kwa kuwa ndilo neno langu kwa kila anayepanga kwenda hifadhi ya milima ya Udzungwa: lala humo. Wengi wetu tunafika Mang'ula, penye lango la hifadhi, asubuhi, tunapanda maporomoko ya Sanje, tunaoga, tunapiga picha, na saa kumi tuko barabarani kurudi. Hata mimi safari yangu ya kwanza, miaka michache nyuma, ilikuwa hivyo, nikarudi Dar nikiamini nimeiona Udzungwa. Kumbe nilikuwa nimeona maji tu. Mwezi wa nane mwaka huu nilirudi na mdogo wangu na shemeji yangu, siku nne, na sasa nina cha kusimulia.

Safari yenyewe haina ugumu. Tulipanda basi la Ifakara alfajiri kituo cha Magufuli, Mbezi. Unapita Morogoro, unakatiza hifadhi ya Mikumi ukiwa dirishani (twiga wawili walikuwa karibu kabisa na lami), na ukifika Mikumi mjini gari linaacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea Kidatu. Ukishavuka mto Ruaha Mkuu ndipo mambo yanapoanza. Mkono wa kushoto ni miwa hadi macho yachoke. Mkono wa kulia milima inasimama ghafla, bila vilima vya kukuandaa, kijani kibichi kutoka chini hadi kwenye mawingu. Abiria wengine walikuwa wamelala. Mimi nilihamia kiti cha kulia.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, nayo imekaa Morogoro na Iringa. Ndani hakuna barabara. Huwezi kukaa kwenye gari ukangoja mnyama apite mbele yako, kila utakachokiona utakifuata kwa miguu. Kwa nini watafiti wanaithamini kiasi hiki? Msitu wake haukatiki. Unaanzia chini kwenye joto la bonde la Kilombero, mita mia mbili na ushee tu juu ya usawa wa bahari, ukapanda mfululizo hadi juu kwenye baridi na ukungu, na kilele cha Luhomero kinapita mita 2,500. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki msitu wa chini uliliwa na mashamba zamani, ukabaki wa juu peke yake. Hapa vyote bado vimeshikana, na mguu wako unayasikia mabadiliko: asubuhi unakanyaga majani makavu yanayolia, jioni unakanyaga kuvu na ukoka laini uliolowa.

Malipo yalikwenda haraka. Ofisini Mang'ula unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, basi. Usitegemee kutoa noti. Na Mtanzania asisahau kitambulisho cha taifa, ndicho kinachokupa kiingilio cha mwananchi.

Siku ya kwanza tulikwenda Sanje, kama kilomita tisa kaskazini ya lango la Mang'ula. Nisieleweke vibaya, Sanje ni pazuri mno. Maji yanashuka mita 170 kwa hatua tatu, na ukifika juu unaliona bonde lote la Kilombero limetandikwa kama mkeka, miwa kwa vipande na nyuma yake uwanda unaoishia kwenye ukungu. Tulioga kwenye kidimbwi cha chini ya poromoko. Maji ya baridi kiasi kwamba shemeji alipiga yowe, na umande wa poromoko unakulowesha hata ukisimama mbali. Kwa mwenye watoto au mwenye siku moja tu, Sanje inatosha, njia yake ni ya saa tatu nne kwenda na kurudi ukitembea kwa nafasi.

Asubuhi iliyofuata tukaanza Mwanihana. Njia hii ni kama kilomita 38 kwenda na kurudi, siku tatu na usiku mbili, hadi kilele cha pili kwa urefu katika hifadhi. Lazima uende na askari mwenye silaha, maana humo mna tembo na nyati. Tulikuwa na afande mmoja, mtu mzima wa makamo, na vijana wawili wa Mang'ula wa kubeba mizigo. Kabla hatujaingia msituni afande alitupanga mstari na kutoa amri moja: "Humu tunatembea na masikio. Anayetaka kuongea aongee sasa." Shemeji yangu, anayeongea hata usingizini, alifunga mdomo saa tatu nzima.

Na masikio ndiyo yaliyotuonyesha karibu kila kitu. Matawi yakitikisika kwa kishindo, ni mbega mwekundu wa Iringa anaruka, na ukitazama haraka utakiona kile kichwa chenye kofia ya rangi ya kutu na tumbo jeupe. Mbawa zikivuma kama mtu anayepepea ungo, ni hondohondo anapita juu. Yapata saa sita mchana afande aliinua ngumi, sote tukaganda. Mimi sikusikia chochote. Baadaye nikasikia: tawi linavunjwa, kimya, kisha mngurumo wa chini kabisa ambao niliupata kifuani kabla ya kuupata masikioni. Tembo, alituonyesha kwa mkono wake uliokunjwa kama mkonga. Walikuwa kwenye korongo mbele yetu. Tulijibanza nyuma ya mti wenye mizizi mirefu kama kuta, tukakaa hapo karibu nusu saa. Hatukuwaona hata mmoja. Tulipopita baadaye tulikuta nyayo zao kwenye matope, maji yakiwa bado yanajikusanya ndani yake taratibu, na kinyesi cha moto kilichojaa kokwa. Kijana mmoja wa mizigo akazichambua kwa kijiti na kunitajia miti yake mmoja mmoja. Hiyo njia tuliyokuwa tunaisifu kwa kupangwa vizuri, akasema, ni ya tembo wenyewe.

Sasa niseme la hema. Nilikodi hema Dar, kwa mtu mmoja anayekodisha vifaa vya kambi, na sikulifungua hadi nilipofika msituni. Kosa hilo usilifanye. Zipu ya chini haikufunga, ikabaki nafasi ya kiganja. Usiku huohuo wa perere, kama saa tisa, niliamshwa na maumivu ya kidole cha mguu kama nimechomwa sindano ya moto. Nikawasha tochi. Sakafu ya hema ilikuwa inatembea. Siafu! Tulitoka mbio, tukavua nguo gizani, tunachomoana siafu mgongoni na kwenye nywele. Siafu askari ukimvuta, kiwiliwili kinakatika na kichwa kinabaki kimeuma ngozi, unakichomoa kwa kucha. Mdogo wangu alitaka kuwapiga kwa kiatu. Afande akamzuia: "Siafu hapigwi, kaka. Anapishwa." Tukasogea hatua thelathini, tukakaa juu ya mizigo, tukawatazama kwa tochi. Mstari wao ulikuwa na upana wa mkono wangu, kingoni wamesimama wenye vichwa vikubwa, katikati wadogo wanapita na miguu ya panzi na vipande vya jongoo. Ulipita zaidi ya saa moja. Ulipokwisha, hema lilikuwa safi kama limefagiliwa. Ile nafasi ya zipu tuliishona kwa uzi na sindano alivyokuwa navyo kijana wa mizigo, naye ndiye nitakayemtafuta tena nikirudi.

Hatukulala tena, na sasa nashukuru. Kulipoanza kupambazuka ulisikika mlio mmoja mzito, "huuup!", halafu kimya cha sekunde kadhaa, halafu mfululizo wa kukokoa kama bata mzinga. Afande alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Ndiye mangabe wa Sanje, dume, anawatangazia wenzake alipo. Kima huyu hapatikani popote duniani nje ya milima hii, na sayansi ilimtambua mwaka 1979 tu. Mlio huuhuu ndio uliomfichua. Katherine Homewood, mtafiti aliyekuwa amewahi kuwasoma mangabe wa Mto Tana kule Kenya, na mwenzake Alan Rodgers, waliusikia mahali ambapo haukutarajiwa. Wazee wa Sanje, bila shaka, walikuwa wanamjua tangu wanazaliwa.

Tuliwakuta saa moja baadaye, kundi kubwa, wako chini wanapekua majani. Tulikaa. Jike mmoja alikuwa na kokwa ya mbula. Aliifuta kwenye kiganja, akaigeuza mara mbili tatu, akaiweka kwenye meno ya pembeni, na tukasikia "kwa!" hatua kumi kutoka kwake. Kokwa ya mbula mimi nimewahi kuipasua kwa jiwe na nikajiumiza kidole. Mtoto wake alikuwa chini ya kidevu anaokota vipande vinavyodondoka. Hakuna aliyepiga picha. Shemeji alikuwa na machozi, nami sikumuuliza.

Kilele chenyewe nitakisema kwa kifupi: ukungu, nyasi, upepo, na baridi ambayo mtu wa Dar haitegemei mkoa wa Morogoro. Usiku wa pili ilinyesha. Nikiwa nimelala nasikiliza maji yakitiririka pembeni ya hema nilikuwa nayafuata kichwani: yatashuka hadi Kilombero, Kilombero itaingia Rufiji, na Rufiji itafika kwenye bwawa la Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Taa ya jikoni kwangu inaanzia huku. Nilijua hivyo shuleni, ila sikuwahi kuyasikia yakianza safari.

Tuliposhuka Mang'ula tulipumzika kwa mama mmoja anayeuza chakula karibu na soko. Wali wa Kilombero unaonukia tangu mlangoni, samaki, mlenda. Nilimuuliza kuhusu msitu. Alisema hadi mwaka 2011 waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalumu kuokota kuni zilizoanguka, kisha ruhusa ikafungwa. Hakulalamika na hakusifu. Alinionyesha jiko lake banifu la udongo na miti aliyoipanda nyuma ya nyumba, akasema, "Mwanzo tulihangaika sana, mwanangu. Msitu uko pale unauona, na kuni huna." Neno hilo limenikaa. Ukienda Udzungwa, kula Mang'ula, nunua mchele Mang'ula, chukua wabeba mizigo wa Mang'ula. Wao ndio walioacha kitu ili sisi tukute kitu.

Mengine ya kufaa. Nenda kati ya mwezi wa sita na wa kumi. Masika njia zinateleza vibaya na miinuko ni mikali kweli, magoti yangu yalinikumbusha wiki nzima. Vaa suruali ndefu na uchomeke ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu na upupu wa huko chini. Nguo nzito ya usiku, koti la mvua, tochi ya kichwani, jiko dogo la gesi. Kambi za njiani ni uwazi tu msituni, kwa hiyo kila kitu unabeba na kila taka unashuka nayo. Maji ya vijito tulichemsha. Hema lifungue sebuleni kwako kabla ya safari, vuta kila zipu. Na simu iwe na nafasi ya kurekodi sauti, si picha pekee.

Mimi nilirekodi. Niliporudi nilimwekea mama yangu mlio wa perere wa usiku wa kwanza. Mama alikulia Kidatu, na hajarudi huko tangu aolewe. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba niurudie. Kisha akasema walikuwa wanamsikia kutoka kitandani, utotoni, baba yao akizima taa. Mwezi wa tisa mwakani tunakwenda Luhomero, na mama atakaa Mang'ula kutusubiri. Ameshasema chumba kiwe upande wa mlima.