Sare moja au dadu?

Ukitaka kugeuza uvaaji wa kila siku kuwa sanaa, kuna njia mbili: kung'ang'ania vazi moja, au kuliachia dadu likuchagulie. Andrea Zittel, msanii wa Marekani, alianza sare zake mwaka 1991, kila moja akiivaa kwa miezi kadhaa. Hapo jicho hushuka kwenye mambo madogo: kola inayochujuka, kiwiko kinachopauka, kifungo kinacholegea. Nguo inageuka shajara.

Dadu linachekesha zaidi: kila namba unaipa nguo zake, unarusha, unavaa zilizotoka. Lakini namba 4 ikikuletea shati la maua na suruali ya mistari siku ya usaili, utavaa kweli? Wengi hurusha tena, na mradi unafia hapo.

Mimi ningechukua sare, japo kufua usiku na kuomba ikauke kabla ya asubuhi si mchezo.