Kipimo cha nyuzi za misuli katika jimu moja ya Arusha

Kwa ada ya shilingi 60,000 kwa mwezi, jimu hii iliyo nje kidogo ya katikati ya Jiji la Arusha inampa mteja vyuma vya kutosha, benchi imara na kocha anayekaa ukumbini akiwaangalia watu badala ya kuangalia simu, na kwa hayo pekee inastahili kupendekezwa. Tathmini hii, hata hivyo, inahusu zaidi huduma ya ziada iliyotangazwa kwa bango kubwa mlangoni: kipimo cha aina ya misuli, pamoja na ratiba inayotungwa kufuatana na majibu yake, kwa shilingi 40,000 zaidi.

Kocha hutafuta kwanza uzito mkubwa kabisa ambao mteja anaweza kuunyanyua mara moja, kisha huupunguza hadi asilimia 80 na kumtaka aunyanyue mpaka ashindwe. Anayeshindwa mapema huandikiwa kuwa ana nyuzi za kasi. Anayeendelea kwa muda mrefu huandikiwa nyuzi za polepole. "Dada, wewe ni mtu wa kasi, achana na marudio mengi," niliambiwa, kwa uhakika ambao hata mtu mwenye majibu ya maabara mkononi asingekuwa nao.

Maelezo yake ya msingi yalikuwa sahihi. Misuli inayosogeza mifupa yetu ina nyuzi za aina kuu tatu: aina ya 1, ambazo hujikunja polepole lakini hazichoki upesi kwa sababu zina mitokondria (sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati) na mishipa midogo ya damu kwa wingi, aina ya 2a, zenye kasi na ustahimilivu wa kadiri, na aina ya 2x, zenye kasi kuliko zote na zinazochoka mapema kuliko zote. Kinachozitenganisha ni aina ya protini ya mayosini iliyomo ndani yake, na zipo nyuzi zenye mayosini ya aina mbili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kipimo cha benchi kinapopwaya. Mgawanyo wa nyuzi hutofautiana kati ya mtu na mtu na pia kati ya msuli na msuli, kwa kuwa msuli wa ndani wa shavu la mguu umejaa nyuzi za polepole, ilhali ule wa nyuma ya mkono huwa na nyingi za kasi. Idadi ya marudio nayo hutegemea uzoefu, usingizi na hata moyo wa kuvumilia maumivu. Anayetaka jibu la kuaminika hutolewa kipande kidogo cha msuli wa paja kwa sindano nene, njia iliyoenezwa na Jonas Bergström wa Sweden tangu miaka ya 1960, kisha kipande hicho kikachunguzwa maabara. Na hata hicho ni ushahidi wa sehemu ndogo ya msuli mmoja.

Tatizo kubwa zaidi ni ratiba za makundi. Waongozaji na wapagazi wanaojiandaa kwa msimu wa Kilimanjaro, ambao wengi wao huangukia kundi la polepole, hupewa vyuma vyepesi tu, wakati kazi yao ni kupandisha mizigo mlimani na inadai nguvu. Mwili huamsha kwanza nyuzi ndogo za polepole, kisha huongeza za kasi kadiri uzito au uchovu unavyozidi. Kwa hiyo chuma chepesi kikinyanyuliwa hadi karibu na kushindwa hukuza misuli takriban sawa na chuma kizito, ila nguvu ya kunyanyua uzito mkubwa hukua zaidi kwa chuma kizito. Isitoshe, nyuzi hazikai zilivyo: mazoezi ya vyuma huzisogeza za 2x kuelekea 2a, na mtu akiacha mazoezi za 2x hurudi. Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2025 kwa sekunde 0.03, baada ya kilomita 42 na mbio za kasi za mwisho. Kocha wetu angemwandikia kundi gani?

Ratiba niliyopewa mimi, nikiweka kando jina lake, ni nzuri: kuchuchumaa na chuma mabegani, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, marudio machache, mapumziko ya dakika mbili hadi tatu, na uzito unaoongezwa taratibu. Ingemfaa karibu mteja yeyote, na kocha huyo huyo huitunga ukimwomba ndani ya ada ya kawaida.

Huduma bora ya jimu hii haimo kwenye bango. Ni kipindi cha asubuhi cha wazee, ambapo akina mama na akina baba waliostaafu hunyanyua vyuma vya kweli chini ya uangalizi wa karibu. Umri unaposonga, nyuzi za kasi ndizo zinazosinyaa zaidi, na hizo ndizo zinazomsaidia mtu kujidaka anapojikwaa. Mazoezi ya vyuma huzikuza tena hata katika uzee. Kipindi hicho hakina malipo ya ziada. Kasoro yake ni ngazi ya kuingilia ukumbini, ambayo haina mahali pa kushika, nayo uongozi umeahidi kuitengeneza kabla ya masika.