Mkanda wa butili kwa madirisha ya karavani kuukuu: unafaa kununuliwa?

Kwa karavani (nyumba za kuvutwa na gari) za Uingereza za miaka ya 1970 na 1980, zile ambazo fremu ya dirisha ni ya alumini na imefungwa kwa skrubu kupitia bati hadi kwenye mbao, jibu ni ndiyo. Nunua mkanda huu wa mpira laini unaonata, wa upana wa milimita 20 hadi 25, na uiache silikoni ya kuzibia dukani. Fundi wa madirisha ya alumini huishika bunduki ya silikoni kwa mazoea, na kwenye nyumba ya matofali hana kosa. Karavani ni jambo jingine: hutikisika barabarani, na bati lake hutanuka juani kuliko mbao iliyo nyuma yake. Silikoni ikibanduka hata kwenye kona moja tu, maji hupita chini yake bila wewe kuona. Tena huacha utando ambao karibu kila kitu hukataa kushika juu yake, silikoni mpya ikiwemo. Butili haigandi. Kwa miaka mingi hubaki laini na yenye kunata kati ya fremu na bati, ikifuata mtikisiko.

Ila mkanda mzuri kwenye dirisha lisilovuja ni hasara tupu. Doa lililo chini ya dirisha mara nyingi chanzo chake kiko juu: reli ya alumini ya kufungia tenti, au kiungo cha paa na ukuta. Chukua kipima unyevu cha sindano na upime ukuta wa ndani kuzunguka dirisha lote. Chini ya asilimia 15 hakuna shida. Ikipita 20 kuna maji yanayoingia. Ikifika 30 tegemea kukuta mbao imeoza. Kisha ziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa wapaka rangi, viungo vyote vya nje, reli ikiwemo, na umwagie maji kwa mpira usio na presha. Anza chini ya dirisha, bandua kipande kimoja cha karatasi, mwagia dakika kumi huku mtu akiangalia ndani kwa tochi, ndipo upande juu kidogo. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yamepenyea wapi. Ukungu ulio katikati ya tabaka mbili za kioo cha akriliki (plastiki ngumu angavu) usikuhangaishe. Huo ni unyevu ulionaswa ndani ya kioo chenyewe, hauhusiani na fremu.

Dirisha la sentimita 120 kwa 50 lina mzunguko wa mita 3.4, kwa hiyo roli ya mita 5 inatosha dirisha moja na akiba kidogo. Ng'oa ule utepe wa plastiki unaofunika skrubu (mpya hununuliwa kwa mita, na wa zamani ukishakakamaa usiurudishe), fungua skrubu, kisha itoe fremu polepole kwa kisu cha plastiki. Butili ya zamani huondoka kwa kukwangua, na mabaki kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu spiriti ili mafuta yasibaki. Vyote viwili vitumike kwenye fremu na bati tu: spiriti ikigusa akriliki, kioo huweza kupata nyufa ndogondogo.

Mbao ikibonyea kwa bisibisi, usiendelee kufunga. Kata kipande kilichooza, weka kipya, subiri kikauke. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu skrubu isiyo na pa kuuma haiwezi kuibana butili, na butili isiyobanwa haizibi. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Zile za kawaida zikilowa hushika kutu upesi.

Bandika mkanda kwenye mdomo wa fremu bila kuuvuta, kwani ukiuvuta hurudi na kuacha pengo kwenye kona. Ncha zikutane upande wa chini. Kaza skrubu kidogokidogo kwa kupishana pande, hadi butili ichungulie kote. Mahali isipochungulia, ongeza. Rudi kesho yake ukaze tena kidogo, kisha punguza iliyotoka kwa kisu cha plastiki. Vitundu vya kutolea maji chini ya fremu viache wazi.

Kasoro zake zipo. Kwenye baridi kali huwa ngumu na haishiki vizuri, kwa hiyo iweke roli ndani kwenye joto kwanza. Ukingo ulio wazi hunasa vumbi na kuwa mweusi. Tena butili si gundi: haiwezi kuishikilia fremu isiyo na skrubu. Roli za bei ya chini kabisa hulainika mno juani na kuchuruzika ukutani.

Kwa ufa mwembamba kama unywele, pale ambapo fremu bado imekaza, kuna Captain Tolley's Creeping Crack Cure, maji meupe ya akriliki yanayojivuta yenyewe ndani ya ufa. Unadondosha, unasubiri nusu saa, unarudia hadi ufa ukatae kunywa. Kwa uvujaji mdogo kabla ya safari inafaa sana. Kwa fremu ambayo butili yake imekauka na kupasukapasuka nyuma, chupa hiyo inaahirisha tu siku ya kuitoa.